Darasa la kushona ngozi kwa mkono pale Majengo, Moshi: kwa anayetaka mkono wake uive

Niseme mapema, hili darasa nalipenda na ningempeleka hata mdogo wangu, ila sio la kila mtu. Kama unatafuta sehemu ya kwenda Jumamosi moja urudi na kapochi kazuri huku robo tatu ya kazi kashona fundi, hapa hutafurahi. Lakini kama unataka mkono wako wenyewe ujue kukata ngozi ikanyooka, kushona mshono ukalala sawa mwanzo mpaka mwisho, na kumalizia kingo mpaka ziteleze, basi kwa upande huu wetu wa Moshi na Arusha mi sijaona sehemu inayofundisha misingi kwa uvumilivu kama hapa, na nimezunguka kiasi chake kuuliza.

Karakana iko Majengo, haina bango wala nini, ni chumba kimoja na baraza nje, ukifika mtaani ukauliza fundi mabegi wa ngozi hata watoto wanakupeleka. Darasa ni Jumamosi saa tatu asubuhi mpaka saa saba mchana, na mi nililipa elfu 80 kwa mwezi. Humo ndani unapata vipande vya kujifunzia, uzi, nta, gundi na kutumia vifaa vyake vyote, ngozi ya kitu chako mwenyewe ndo unanunua pembeni. Watu hawazidi sita. Kwenye kundi letu kulikuwa na kijana wa bodaboda, dada anayeuza sandals za shanga Arusha anayekuja na basi la asubuhi, mama mmoja nesi mstaafu, na sisi wengine wa maofisini ambao wiki nzima tunashika kompyuta tu na tunataka Jumamosi kushika kitu kinachoonekana.

Sasa kitu cha kwanza ambacho kitakushangaza ni kwamba huanzi na waleti. Huanzi na kitu chochote. Unapewa vipande viwili vya ngozi ya tumbo, ile sehemu ya ng'ombe inayovutika na yenye nyuzi zilizolegea ambayo mafundi hawaitaki kwa mkanda wala begi, na hivo ndo vinakuwa daftari lako. Kabla hujashika sindano fundi anaonyesha kitu kimoja. Alichukua mkanda wa dukani ulioshonwa kwa mashine, akakata uzi sehemu moja tu kwa wembe, akavuta ile ncha kwa kucha, na uzi ukaanza kufumuka tundu baada ya tundu mpaka akaamua kuacha. Alafu akachukua mkanda alioushona yeye, umeshavaliwa miaka mpaka umekuwa mweusi kwa jasho, akakata vilevile, akavuta, hamna kitu. Akaukunja, akaupindua, akampa kila mtu avute kwa zamu yake, mshono uko palepale.

Sababu yake akaeleza kwa kuchora na chaki kwenye ubao wa kukatia. Mashine inatumia nyuzi mbili, wa juu na wa chini, zinashikana katikati ya ngozi, ukikata mmoja ule mwingine hauna cha kushikilia. Mshono wa mkono, ule wa matandiko ya farasi ambao mafundi wa ngozi dunia nzima wanautumia, ni uzi mmoja wenye sindano mbili, kila ncha na sindano yake, na kila tundu linapitwa mara mbili, mara kutoka huku mara kutoka kule. Uzi ukikatika upande mmoja ule wa upande wa pili bado umebana. Kwa mi niliyezoea mkoba kufumuka mpini ndani ya mwezi, hapo ndo nilielewa kwanini mtu akae saa nzima anashona kitu ambacho mashine ingekimaliza dakika tatu.

Basi mnashona. Na mnashona tena. Uzi unapimwa mara nne ya urefu wa mshono, yaani mshono wa sentimita 20 unakata sentimita 80 na unaongeza kidogo ya kufungia sindano kwenye ncha zote mbili, na kama ngozi ni nene unaongeza zaidi maana kila tundu linakula uzi. Uzi anaotumia ni wa poliesta wa milimita 0.8, anaupitisha kwenye bonge la nta ya nyuki mara mbili tatu ili uteleze kwenye tundu alafu ukishakaa ushike. Sindano ziwe butu ncha, hii watu wengi hawaijui, tundu limeshatobolewa tayari kwahiyo sindano kazi yake ni kupita tu, ikiwa na ncha kali itachoma ngozi pembeni au itatoboa uzi mwenzake uliotangulia, na uzi ukishatobolewa hauvutiki sawa, unabaki na kauvimbe.

Kwenye mpangilio wa mikono hapo fundi hana mchezo. Unaingiza sindano ya kulia, unavuta, alafu kabla hujaingiza ya kushoto unauvuta ule uzi wa kwanza kidogo kuja kwako ili ukae upande mmoja wa tundu, ndo sindano ya pili inapita nyuma yake bila kuugusa. Kisha unavuta mikono yote miwili kwa nguvu ileile. Anatutamkisha kabisa, "kulia, rudisha, kushoto, vuta", darasa zima, mpaka wapita njia wanachungulia barazani. Na ukibadilisha mpangilio kwenye tundu moja tu inaonekana, mishono yote imelala kama mvua ya upepo alafu mmoja umesimama wima. Fundi anaiona akiwa amesimama mlangoni. Anakuja, haongei, anaweka kucha palepale penye tundu na anakuangalia, na we mwenyewe unaanza kufumua.

Yule mama nesi ndo alikuwa mshono wake mzuri kutuzidi wote. Fundi akamwambia "dada yangu wewe umeshona watu, hii ngozi ya ng'ombe itakusumbua nini", na mama akacheka akasema watu wana faida moja, wanakuambia kama umevuta sana. Na kweli kuvuta sana ni tatizo, ngozi laini inajikunja kwenye mshono inakuwa kama imeshonwa kwa hasira, na kuvuta kidogo uzi unaning'inia. Kile kipimo cha katikati hakuna atakayekupa kwa maneno, ni mkono kurudia.

Mashimo yenyewe yana kazi yake. Unapiga mstari kwanza kwa bikari, hii hii ya kwenye mkebe wa hesabu wa shule ila ya chuma yenye ncha mbili, unaifungua milimita 3 au 4 unaiburuza na mguu mmoja ukiwa nje ya ukingo, mstari unatoka sawa na ukingo mwanzo mpaka mwisho. Alafu unaweka ile uma ya kutobolea yenye meno yaliyolala upande, unapiga kwa nyundo ya mbao, na unapohamia mbele unarudisha jino la kwanza kwenye tundu la mwisho ulilotoboa ili nafasi zisipishane. Simamisha uma wima. Ukiilaza kidogo, uso wa mbele mashimo yanakuwa kwenye mstari na nyuma yanakuwa yanatembea kama njia ya Marangu, na upande wa nyuma wa waleti ndo unaouangalia kila unapoifungua. Kwenye ngozi nene anakuambia usitoboe mpaka mwisho kwa uma, weka alama tu, alafu malizia na msharasi, ile sindano nene yenye mpini ya mafundi viatu, tundu kwa tundu wakati unashona. Hapo kazi inakuwa ya polepole kweli lakini mshono wa nyuma unatoka mzuri kama wa mbele.

Kuhusu kukata, nilidhani nitapita haraka lakini kwa fundi huyu kukata ni nusu ya somo. Anasema, na nakubaliana nae kwa asilimia zote, kwamba shida nyingi za wanaoanza sio kushona, ni kisu. Kisu butu unakisukuma, ukikisukuma kinateleza, kikiteleza kinaingia kwenye rula au kwenye kidole. Kila Jumamosi mnaanza kwa kunoa. Ana jiwe, ana ubao aliobandika kipande cha ngozi upande wa nyama ukiwa juu kapaka ile dawa ya kijani ya kung'arishia chuma, unaburuza kisu kwa kurudi nyuma, kamwe sio kwenda mbele maana utaichana ngozi yenyewe, na unajaribu kwenye karatasi ya gazeti. Kisu kikikata karatasi bila kelele ndo unaruhusiwa kwenda kwenye ngozi. Alafu rula ya chuma, vidole vikae nyuma ya ukingo, na usikate kwa mara moja kwa nguvu, pitisha kwanza kidogo ya kuchora njia, mara ya pili ndo inamaliza. Kwenye kona ya mviringo unageuza ngozi, kisu kinabaki kinakuja kwako.

Hapa niseme pia kitu ambacho darasa hili limenifungua macho kuliko vyote, na ndo ningependa kila anayeanza akijue kabla hajatoa hela: ngozi sio moja. Mi nilikuwa najua kuna ngozi na kuna ngozi feki basi. Kumbe kwenye ngozi halisi yenyewe kuna ile iliyosindikwa kwa kromu na ile iliyosindikwa kwa magome ya miti. Ya kromu ndo nyingi madukani duniani kote, inatengenezwa haraka, laini, haiogopi maji sana, nzuri kwa sehemu ya juu ya viatu na mabegi ya kuning'inia, ila ukingo wake ukiusugua hauji kung'aa unabaki na manyoyamanyoya, na ukigonga mhuri wa herufi alama haikai. Ya magome inachukua muda, inaweza kufika wiki kadhaa, inatoka ngumu ya rangi ya biskuti, inakubali mhuri ukiilowesha kidogo, inakubali kusuguliwa, na inakuwa nyeusinyeusi kwa jua na mafuta ya mikono jinsi unavyoitumia. Na magome yenyewe sio ya mbali, miti ya miwati iko Njombe, kuna kampuni pale ya TANWAT inakamua dawa ya kusindikia ngozi kutoka kwenye magome ya miwati toka enzi za ukoloni.

Kuzitofautisha fundi ana njia mbili. Ya kwanza unakata kidogo pembeni unaangalia katikati ya unene, ya kromu mara nyingi ina ubuluu au ukijivu pale katikati kama haikupakwa rangi mpaka ndani. Ya pili ndo iliyotukusanya wote mezani. Ana kopo la plastiki ameloweka misumari yenye kutu kwenye siki kwa siku nyingi, mfuniko hajaukaza kwa sababu ile kitu inatoa gesi, ukikaza kopo linavimba. Anachovya brashi anapaka kwenye ngozi ya magome, na hapohapo mbele ya macho ile rangi ya biskuti inageuka kijivu, alafu ya zambarau kwa mbali, alafu nyeusi ti. Hajapaka rangi yoyote, ni chuma kimekutana na dawa ya magome iliyo ndani ya ngozi. Akapaka kwenye kipande cha kromu, kikalowa tu na siki, basi. Huo weusi haufutiki na haupaki nguo maana umeingia ndani, ila anasisitiza uoshe na maji yenye baking soda kidogo ile tindikali iishe, alafu upake mafuta maana ngozi inabaki imekauka. Na hiyohiyo ndo sababu usiweke ngozi ya magome iliyolowa karibu na vyuma vyenye kutu, inaota madoa meusi na hakuna wa kuyatoa.

Kupata ngozi kwa upande wetu tuna bahati. Himo pale kuna kiwanda cha kusindika ngozi, na hapa Moshi kwenyewe kuna kiwanda cha Karanga cha Magereza na mfuko wa pensheni wa PSSSF, ngozi na viatu vinatengenezwa. Kwa mtu wa hobi anayetaka futi mbili tatu za mraba huwezi kwenda kiwandani kusumbua, kwahiyo fundi ananunua kipande kizima anawakatia kwa futi, mi nililipa kati ya elfu 5 na elfu 7 kwa futi kulingana na unene. Hajawahi kuniuzia tumbo kwa bei ya mgongo, na hilo nalisema kwa uzito kwa sababu mtu mgeni hawezi kujua tofauti mpaka mkanda umevutika umekuwa mrefu. Anakufundisha kuchagua: mgongo kwa mkanda, unene milimita 3 mpaka 4, bega kwa mabegi, na kwa waleti milimita 1 mpaka 1 na nusu. Na unaigeuza kwenye mwanga utafute makovu. Ng'ombe wetu wanapigwa chapa, wanang'atwa na kupe, wanachanwa na miiba porini, kwahiyo ngozi isiyo na kovu hata moja ni ya kubahatisha. Yeye anapanga vipande vyake kuzunguka makovu, na mengine anayaacha makusudi yaonekane, na kiukweli kuna kava moja la daftari lina alama ya chapa katikati ambalo ningelinunua angekuwa analiuza.

Kingo sasa. Ukitaka kujua kitu cha ngozi kimetengenezwa na anayejua, angalia ukingo kabla ya kuangalia mshono. Utaratibu wake ni kwamba unabandika kwanza, gundi pande zote mbili, unasubiri mpaka ukigusa haigandi kidoleni, unabana, alafu ndo unakata ukingo kwa pamoja ili tabaka zote ziwe kitu kimoja. Unatoboa, unashona, kisha unakwangua kona kwa kile kijisu cha kingo, msasa namba 400, ukimaliza 800, unalowesha maji kidogo kwa kidole, kidogo kweli, alafu unasugua na kipande cha mti mgumu alichochonga kina mfereji. Unasugua haraka bila kukandamiza mpaka unasikia joto, na kuna muda ghafla sauti inabadilika, ile kukwaruza inaisha inakuwa kuteleza. Hapo ndo ukingo umekubali. Unamalizia na nta na kitambaa cha jinzi. Dada wa sandals alikuwa anapaka rangi tu kwenye kingo za sandals zake miaka yote, alipoona hii akakaa na ukingo mmoja mpaka muda wa darasa ukaisha, na saivi anasema wateja wake wa Arusha wanapitisha kidole pale pembeni kabla hawajauliza bei.

Vifaa. Tafadhali sana, lile seti la vifaa hamsini na kitu linalouzwa mitandaoni kwenye kimkoba, usianze nalo. Limekuja darasani na mwenzetu mmoja tukalifungua wote, visu havina makali na chuma chake hakishiki makali hata ukinoa, sindano nyingi ni zenye ncha, uzi unachanika manyoya, ile uma ya kutobolea meno yake manene inaacha mashimo kama ya mkanda. Vitu sita saba vizuri vinatosha mwaka mzima: kisu kimoja kizuri na cha kunolea, rula ya chuma, bikari, uma ya meno manne na ya meno mawili kwa ajili ya kona, sindano butu, uzi na nta, msharasi. Kibanio cha kushikia kazi katikati ya magoti fundi seremala yeyote wa mtaani anakuchongea kwa mbao mbili na boliti, na kimti cha kingo hivohivo. Nta ya nyuki utaipata kwa wauza asali. Uma ndo kitu pekee ambacho ningeshauri usibanie hela, agiza nzuri, kwa sababu mashimo mabaya hakuna mshono utakaoyaokoa.

Sasa mapungufu, maana yapo. Muda, kwanza. Saa tatu ni saa tatu na nusu, na ukiwa na mtu anakuja na basi kutoka Arusha hiyo nusu saa ni kumkosea. Chumba mwanga wake hautoshi, mawingu yakishuka toka mlimani huoni matundu, ikabidi tuwe tunagombea baraza, ukienda beba taa yako ndogo ya kuchaji. Gundi nalo ni la kulisema wazi, kopo linaachwa wazi ndani na mlango umerudishwa, na hizi gundi za viatu zina viyeyusho vinavyoleta kizunguzungu na kichwa kuuma, tulimwambia na alianza kubandika barazani, ila wewe ukiona kopo liko wazi ndani usione aibu, mwambie tu "mzee tutoke nje", hana neno.

Kubwa zaidi kwangu ni kwamba hafundishi kuchora ramani ya kitu. Yeye anakata kwa macho, miaka imempa hilo, anaweka kadi ya benki juu ya ngozi anaacha nafasi anayoijua mwenyewe na waleti inatoka. Ukimuuliza umeacha milimita ngapi anakuonyesha kidole. Kwa mtu anayejifunza hiyo haitoshi, unahitaji namba za kuandika. Mi nilichofanya ni kupima vitu vyake vilivyokwisha kwa rula na kuandika kwenye daftari, kadi ya benki ni milimita 85.6 kwa 54 kokote duniani, kwahiyo ukijua hiyo na ukijua mstari wa mshono unakula milimita 3 mpaka 4 kila upande unaanza kuchora mwenyewe kwenye karatasi ngumu. Video za YouTube zinasaidia sana hapo, na kwa kweli video na darasa hili vinakamilishana, video inakupa vipimo na mitindo, ila video haiwezi kukushika kiwiko ikakuambia unavuta kwa bega badala ya kifundo.

Kuna watu wataniuliza kwanini nisiende SIDO. SIDO wapo Moshi na Arusha, ni shirika la viwanda vidogo toka 1973 na wanalenga mtu wa kufungua biashara, kama una wazo la kuzalisha na kuuza anza nao. Mi nilitaka kitu cha Jumamosi. Na mafundi wa stendi, wale wa viatu, wana mkono wa hatari sana kwa kile wanachofanya, nimekaa nao nimejifunza kutumia msharasi wa ndoana, lakini kiatu cha mteja kinasubiri na hawana muda wa kukurudisha tundu la kwanza. Huyu wa Majengo amejipangia muda huo, ndo unacholipia.

Mwezi wa kwanza ukiisha unatoka na vitu vitatu, kishikio cha funguo, kava la kadi, na mkanda. Mkanda ndo mtihani, maana ni mrefu na hauna pa kujificha. Mi wangu ni wa milimita 3 na nusu, nimeupaka ile siki ya misumari, mafuta, nta, naenda nao kazini kila siku na kwenye lile tundu ninalofungia ngozi imeanza kupata mkunjo wake laini bila kupasuka. Mshono wa pale kwenye chuma fundi aliukagua kwa muda mrefu, akaukunja, akaupeleka kwenye mwanga wa mlango, akasema "huu hautarudi kwangu". Nilifurahi mpaka nikasahau kuchukua mwavuli wangu.

Mwezi wa pili ni begi, bei ni ileile ila ngozi inapanda maana begi dogo tu la bega linataka futi sita mpaka nane. Nimeshalipia. Kuna kupunguza unene wa ngozi kwenye mikunjo, jambo ambalo mwezi wa kwanza tumeligusa kidogo mno kwa maoni yangu, ukitaka waleti isiyovimba mfukoni lazima uwe na hiyo, na nimemwomba aliweke mapema zaidi kwa wanaokuja.

Ukiamua kwenda, vaa nguo isiyoogopa gundi, kata kucha za kidole gumba maana zinachora ngozi ya magome ikiwa imelowa, beba taa na maji ya kunywa. Muamkie kwanza, ni mzee wa kuamkiwa, uongee nae ana kwa ana kwa sababu simu hapokei akiwa anashona. Na nenda mwanzoni mwa mwaka. Desemba watu wote wamerudi nyumbani toka Dar, kila mtu anataka mkanda wa Krismasi, na darasa anasimamisha mpaka Januari.